Viatu Mlangoni kwa Vojta

Usiku ule nililala nimenuna. Ukumbi tulioahidiwa kwa mchezo wetu wa kuigiza tulikuwa tumenyang'anywa siku moja kabla ya onyesho, eti mchezo wenyewe una maneno mengi. Bakari, anayecheza hakimu, alinipigia simu. "Dada Zuhura, tuachane nao. Tusijitafutie balaa." Nikamjibu kwamba asubuhi nitawatangazia watu kuwa hakuna onyesho. Nikajifunika blanketi mpaka masikioni, maana baridi ya Iringa haina adabu, na usingizi ukanipitia.

Nikajikuta napanda ngazi. Nilizitambua papo hapo kwa harufu ya kabichi. Zilikuwa ngazi za kwenda kwa Vojta, kule Praha, mji mkuu wa Ucheki, nilikosomea uigizaji ujanani. Vojta, mwalimu wangu, alifariki miaka mingi iliyopita, lakini nilipanda mbiombio kama mtu anayeitwa chakulani. Nilifurahi mno.

Enzi zake, Wacheki walipanga foleni kwenye theluji kumwona Vojta jukwaani, na filamu zake zilijaza majumba ya sinema. Kisha wakubwa wa serikali wakamtaka asome redioni tamko la kuwalaani rafiki zake waliofungwa kwa maandishi yao. Akakataa. Jina lake likafutwa kwenye filamu, jukwaani hakukanyaga tena, akapewa kazi ya kuchochea makaa kwenye tanuri la kupasha joto hospitali.

Basi akawa anaigiza na kutufundisha sebuleni kwake. Kwao, kama kwetu, viatu huvuliwa mlangoni. Ila rundo la viatu nje lingewaonyesha askari kwamba ndani kuna wageni, kwa hiyo kila mtazamaji aliingia na vyake na kuvipakata mpaka mwisho. Makofi pia yalikatazwa, kwa sababu jirani wa chini alikuwa mpeleka habari. Mchezo ukiisha, tuliinua mikono na kuitikisa hewani, kimya.

Mlango ukafunguka. Vojta amesimama pale na ovaroli lake la makaa, kichwani taji alilolikata kwenye kopo la kahawa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa, Zuhura." Anasema Kiswahili safi, yeye ambaye alipokuwa hai hakujua hata neno moja, na mimi sishangai.

Navua viatu vyangu na kuinama kuviokota. Ananishika mkono.

"Viache hapo."

"Wataviona, mwalimu."

"Ndiyo."

Ndani ni sebule yake, lakini makochi ni yangu, na vitambaa vyangu vya kufuma. Watu wamejaa hadi dirishani. Vojta anaanza, na mwili unanisisimka. Mara ni kijana aliyezama mapenzini katika filamu yake ya kwanza, mara ni mlevi, mara ni mfalme aliyepinduliwa. Anageuka, na tuko mbele ya tanuri la hospitali. Anatupia makaa kwa koleo huku akiyatamka maneno ya mfalme, uso unamng'aa kwa jasho.

"Hapa nilicheza kila siku," ananiambia. "Mtazamaji wangu alikuwa moto, na haukuwahi kuondoka kabla sijamaliza."

Nacheka mpaka machozi. Naye anakohoa, kikohozi kile kile kilichomuua kabla milango ya jukwaa kubwa haijafunguliwa kwake tena. Naumia, nataka kumshika, lakini tumerudi sebuleni na mfalme anatamka neno lake la mwisho.

Watu wote wanainua mikono kimya. Mimi nashindwa. Miaka yote ile sikuwahi kumpigia makofi hata mara moja. Nayapiga sasa, kwa nguvu zangu zote, na chumba kizima kinageuka kunitazama.

Tunasikia miguu ikipanda ngazi. Mlango unasukumwa. Ni jirani wa chini, mpeleka habari, amesimama na soksi tu miguuni. Viatu vyake ameviacha nje, pamoja na vyetu.

"Niliviona vingi," anasema kwa aibu. "Nikajua kuna mchezo."

Vojta anamsogezea kiti. Kisha ananijia, ananivika taji lile la kopo. "Sisi tulivificha," ananiambia. "Nyinyi viacheni nje."

Niliamka nimekaa kitandani, viganja vinawaka moto. Nilikuwa napiga makofi kweli. Nje kulikuwa kumekucha. Nikachukua simu, nikampigia Bakari.

"Onyesho lipo leo jioni," nikamwambia. "Sebuleni kwangu."

"Dada, watu watatuona."

"Ndiyo. Waambie wageni wavue viatu nje, barazani, pale wapita njia wote wanapoona."

Nikasikia anavuta pumzi, akaishusha taratibu.

"Haya," alisema. "Basi ngoja nivipige rangi vyangu."