Kioo Kilichoniumbua

Ilianza Alhamisi, saa kumi na moja jioni, kwenye taa za kuongozea magari mtaani Bugolobi. Wipa za gari la Baba zilikwama mvuani.

"Shuka ufute kioo, mama," Baba akaniambia mimi bintiye, kama anavyoniita.

Nilifuta kwa sweta langu la shule, wasichana wa darasa letu wakinicheka kutoka kwenye teksi. Nilirudi garini na hasira zangu. Mimi huwa sisemi kitu.

Mbele kidogo Baba aliegesha, akaenda kununua chapati. Nilijua nimefunga dirisha langu, basi nikapasuka: "Mzee mzima unajivunia gari bovu! Unaniaibisha! Nakuchukia!"

Nikahisi mvua shavuni. Kioo kilikuwa kimezama chenyewe ndani ya mlango. Baba alikuwa amesimama hapo nje, mkononi chapati mbili.

"Kula, zitapoa," alisema.

Asubuhi nilipiga magoti kumsalimia, kama desturi yetu, bado nimekasirika, nikaliacha gari lake na kwenda shule kwa miguu.