Nilisema mama amelewa mbele ya jumuiya, kumbe damu yake ilikuwa inajaa asidi

Wakuu, habari za humu ndani.

Hii habari nimeiandika mara kadhaa nikaifuta. Leo naiacha. Siongezi chumvi, ilivyo tu inatosha kunivua nguo. Mkitaka kunitukana nitukaneni, ila someni mpaka mwisho, kuna mzazi wa mtu anaweza kupona.

Mimi ni ticha wa chemistry, sekondari, naishi Bigwa hapa Moro. Mama yangu yuko kijijini, ukishapita Mkuyuni unaelekea Matombo.

Kazi yake ni ndizi. Anazikata zikishakomaa, anazivundika chumba cha nyuma, zikiiva anapeleka gulioni. Nyumba nzima inanukia ndizi mbivu, hata shuka unazolalia.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mlevi. Sio wale wa kunywa akalala. Alikuwa mlevi wa gongo, wa kurudi na kuvunja vyombo. Mama ndiye aliyetulea, na pombe hajawahi hata kuionja. Mimi pia siigusi. Yaani nikisikia harufu ya pombe kwa mtu wangu wa karibu, akili inahama.

Sasa miezi ya karibuni mama alikuwa amekonda. Kwenye simu analalamika kiu, eti anakunywa maji mpaka tumbo linachezacheza kama dumu, na chooni haachi kwenda.

Mimi nikamjibu, "Ni jua hilo mama, kunywa maji ni afya."

Ticha huyo!

Jumamosi moja jumuiya ilikuwa inasali kwake. Kwa msiojua, jumuiya ni majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Zamu ikifika kwako unataka mambo yawe safi, maana hao ndio watakaokuuguza na ndio watakaokuzika. Nikapanda pikipiki nikaenda kumsaidia kupanga viti.

Namkuta amekaa kwenye kigoda. Nikamwamkia, akaitikia kwa shida, maneno yanavutana. Macho mazito. Anahema kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyetoka kupanda mlima na mzigo kichwani, wakati amekaa tu.

Nikainama kumshika mkono, pumzi yake ikanipiga usoni. Ina utamu fulani hivi, kama ndizi iliyopitiliza, ile inayoanza kuchacha.

Wakuu, nilimwona baba pale kwenye kigoda.

"Mama, na wewe umeanza?"

"Nimeanza nini, baba?"

"Unanuka pombe."

"Sijanywa mwanangu. Labda ni hizo ndizi. Nipe maji, kiu inaniua."

Nikasonya. Nilimsonya mama yangu mzazi jamani.

Kwetu mtu akilewa anakamuliwa malimao, yanakata pombe. Nikakamua malimao, nikamimina na sukari ya kutosha ili apate nguvu, nikamsimamia mpaka akamaliza kikombe. Halafu nikampeleka chumbani, nikashusha pazia.

Wanajumuiya wakaanza kuingia. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, viti vikajaa. Mwenyekiti wao, Mama Koleta, jirani wa mama wa miaka mingi, akauliza mwenye nyumba yuko wapi.

Ningeweza kusema anaumwa. Ningeweza hata kunyamaza. Lakini hasira ilikuwa imenikaba, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Amelala. Leo amezidisha kidogo, mtamsamehe."

 Mmoja akajifanya anatafuta rozari kwenye mkoba.

Na pazia halizuii sauti, wakuu. Mama alisikia.

Wakaanza kusali. Katikati ya rozari Mama Koleta akanyamaza, akageuza sikio upande wa chumbani.

"Hivi huyu anavyohema ndio kulala huku?"

Hakuomba ruhusa, akaingia. Tukamsikia anaita, "Theresia! Wewe Theresia!" Kisha akapiga kelele, "Njoo hapa wewe mtoto! Mlevi gani huyu? Haamki!"

Tukamtoa mbio. Pikapu ya jirani ilikuwa inapakia ndizi, zikashushwa, mama akalazwa kwenye majani ya migomba, kichwa kwenye paja la Mama Koleta. Barabara ile wanaoijua wanaijua. Kila shimo nilikuwa naomba msamaha kimoyomoyo.

Zahanatini nesi akamtoboa kidole. Kipimo cha sukari hakikutoa namba, kiliandika HI, maana yake sukari imepita kiwango ambacho kinaweza kusoma. Akatundika dripu, akasema mpelekeni mjini haraka.

Hospitali, daktari alinusa pumzi ya mama mara moja tu. Akaniuliza amepewa nini nyumbani.

"Malimao na sukari."

Akaniangalia. "Unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Somo gani?"

Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Nilijibu kwa sauti ya chini mpaka akanirudisha niseme tena. Chemistry.

Akasema limao sio shida sana, tumbo lenyewe lina asidi kali kuliko hiyo. Ila sukari nimemwongezea mgonjwa wa sukari, na muda nimempotezea.

Ngoja niwaeleze alivyonieleza. Mwili wa mama ulikuwa umeishiwa insulini, ile inayoingiza sukari kwenye seli. Sukari imejaa kwenye damu lakini seli zinakufa njaa. Sukari ile inatoka na mkojo, inavuta maji ya mwili, ndio ile kiu. Mwili ukaanza kuchoma mafuta kwa fujo, na mafuta yakichomwa hivyo yanazalisha asidi.

Damu inatakiwa ikae kwenye pH ya 7.4 hivi, besi kidogo tu. Ikishuka chini ya 7, mtu yuko mlangoni kwa Mungu. Kwa hiyo bicarbonate iliyomo kwenye damu inaimeza ile asidi, yanapatikana maji na carbon dioxide, na mapafu yanaitoa hiyo carbon dioxide nje. Ndio maana alikuwa anahema vile. Alikuwa anapigania uhai kwa pumzi, na mimi nimemficha nyuma ya pazia.

Harufu je? Acetone, nayo inatokana na mafuta hayo hayo. Jamii ile ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Hiyo equation ya bicarbonate naiandika ubaoni kila mwaka. Mwanafunzi akikosea kuibalansi namtania mbele ya darasa.

Akaanzishiwa insulini na maji ya dripu. Mimi nikakaa kwenye benchi nje, naomba kitu kimoja tu, asife huku anaamini mwanaye anamwona mlevi.

Kulipopambazuka akafumbua macho. Nilikuwa nimeruhusiwa kuingia, nimesimama nyuma ya kichwa chake, hakuniona. Akamshika nesi mkono, akasema polepole, "Nesi, mwambie mwanangu mimi sinywi."

Nilitoka nje nikaegemea ukuta nikalia kama mtoto, watu wanapita wananiangalia.

Aliporuhusiwa, niliomba jumuiya isali tena kwake. Nikasimama kuomba radhi, sauti haitoki, naongea na vidole vya miguu. Mama Koleta hakunionea huruma.

"Sema kwa sauti. Siku ile ulisema kwa sauti."

Nikasema. Nilisema yote, mpaka ya kusonya. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Basi, yameisha. Tusali."

Kwake yameisha. Siku hizi nikifika ananipumulia usoni makusudi, "Haya, nusa kwanza, mwalimu," na majirani wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nacheka meno tu, wakuu. Ndani bado naona aibu.

Funzo langu ni hili. Mzazi akikonda, kiu haiishi, mkojo hauishi, mpeleke akapime sukari. Akihema kwa kina na mdomo unanuka utamu wa matunda, usibishane naye wala usimkamulie kitu, kimbiza hospitali. Na mwenye hasira na marehemu wake asimtolee aliye hai.

Madaktari wa humu nirekebisheni nilipokosea, kemia yangu siiamini tena. Wengine wote ambao mama zenu wapo, mpigieni leo hii mmuulize anakunywa maji kiasi gani, halafu mje hapa mtuambie amejibu nini.