Kitambaa Chekundu Ndani ya Blanketi la Vipande

Mimi sijui kukaa. Ulijue hilo mapema, maana ninavyoinuka katikati ya chakula ndivyo ninavyoruka katikati ya habari. Nimehama nyumba pale Mwanza hadi makochi yamezoea, nimeacha kazi mbili nzuri ambazo watu walizililia, na siku hizi nashona. Nakusanya vipande vinavyobaki kwa mafundi cherehani na kuvigeuza kuwa vishikio vya sufuria, mito ya viti, vipochi vya simu na mablanketi ya watoto. Nikiwa na sindano mkononi natulia nusu saa nzima. Bila sindano, dakika kumi tu nishaanza kutafuta viatu.

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu kutoka Bukoba. Sauti niliitambua kabla mwenyewe hajajitaja. Alikuwa mwalimu aliyenifundisha darasa la nne kule Kamachumu. Amestaafu sasa, anaishi Buhembe kwa mwanawe.

"Nasikia unashona vipande kama bibi yako," alisema. "Ninalo blanketi lake. Pindo limeachia. Njoo ulione mwenyewe, sitaki kulituma."

Nikasema nitakuja. Halafu nikazunguka chumbani mpaka jirani wa chini akagonga dari. Blanketi lenyewe nililijua. Bibi alishona mengi, lakini mwalimu alinunua moja tu.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Kama hujawahi kuamka Kamachumu mwezi wa mvua, hujui baridi ninayoisema. Ukungu unakaa kwenye migomba hadi saa nne, na sisi tulikuwa tunakwenda shule tumekunja vidole ndani ya mikono ya sweta. Ndiyo maana mablanketi ya bibi yalipendwa. Juu alishona vipande vya kila rangi, chini akaweka shuka kuukuu, na katikati akajaza blanketi lililochakaa pamoja na vile vipande vidogo visivyofaa kitu kingine. Lilikuwa zito. Ukijifunika hugeuki hovyo, na kwa mtoto kama mimi hiyo ilikuwa adhabu.

Bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi, na kibaraza chake kilitazama barabara ya kwenda sokoni. Hadi leo nikisikia cherehani ya miguu mahali, pua yangu inaniletea pasi ya mkaa, mafuta ya mashine, na ndizi na maharage yakichemka jikoni nyuma ya nyumba. Shavuni alikuwa na kahawa ya kutafuna tangu asubuhi. Kazi zangu zilikuwa kupuliza mkaa, kuokota pini kwa sumaku tuliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, na kutunga uzi kwenye sindano. Aliniita Senene, kama wale panzi wa msimu wa mvua, kwa sababu nilirukaruka na hakuna aliyejua nitatua wapi.

Lakini kazi yangu kubwa ilikuwa vipande. Unawajua mafundi: kila mtu ana kisa cha fundi aliyekula kitambaa chake. Bibi hakutaka kisa hicho kisimuliwe juu yake. Alipomaliza kukata nguo ya mtu, nilikusanya kila kipande, hata kilicholingana na kidole, nikavifunga pamoja kwa ukanda mwembamba wa kitambaa hichohicho. Mteja akija kuchukua nguo anapewa na furushi lake. "Chukua vyako," bibi alikuwa anasema, "mimi nikalale vizuri." Wengi walicheka na kumwachia. Vile alivyoachiwa kwa mdomo wa mwenyewe, mbele yangu, ndivyo vilivyoingia kwenye mablanketi. Ambavyo havikuachwa, havikuguswa.

Mwalimu alikuwa mteja wake wa kwanza na rafiki yake. Alikaa kibarazani jioni baada ya shule, wakitafuna kahawa na kuwasema watu kwa Kihaya chenye utani. Wanawake wa pale walivaa alivyovaa mwalimu. Akishona mkono wa puto, mwezi unaofuata kanisa zima lina mikono ya puto. Na alitufundisha stadi za kazi, kwa hiyo mtu wa kumridhisha kwa sindano alikuwa huyo.

Mwaka ule, kijana wake alipokaribia kipaimara, mwalimu alileta kitambaa ambacho hatukuwahi kukiona. Ndugu yake alikitoa Kampala. Kilikuwa chekundu, chenye vidoa vyeupe vidogo, na kilipofunguliwa juu ya meza, kibaraza chote kilionekana cha zamani. Bibi alikipima kwa futi mbele yake, akamwambia, "Hiki kinatosha gauni refu na mikono mirefu, na shingo nitakuwekea kola." Mwalimu akaondoka anacheka peke yake barabarani.

Wiki hiyohiyo mwalimu alitutaka kila mmoja tupeleke kitu tulichokishona wenyewe. Mimi, mjukuu wa fundi, nilikuwa na vipande vya kaki na bluu ya kaptula za shule tu. Nilitaka kumshonea kimto cha kuchomekea pini. Nilitaka kiwe chekundu. Nilitaka akiinue mbele ya darasa. Basi bibi alipokwenda shambani kukata ndizi, nilifungua kabati, nikakunjua ule mwisho wa kitambaa, nikakata. Usicheke. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa: kila kitambaa hubakiza vipande, na bibi mwenyewe angenipa nivifunge. Nilichukua baki mapema. Na kwa kuwa nilifundishwa kazi vizuri, sikukata pembe. Nilikata upana wote, ukingo ukanyooka kama umetoka dukani.

Siku ya kukata, bibi alitandaza kitambaa, akaweka futi, akapima. Akapima tena. Akafuta miwani kwa kanga, akapima mara ya tatu. Mimi nilikuwa napuliza mkaa.

"Senene, njoo unisomee namba hii," aliniita.

Nikamsomea. Nilisoma kweli, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikaa kwenye kiti cha cherehani akatazama mikono yake.

"Macho yameanza kuniaga," alisema. "Nimempimia mtu mbele ya macho yake, nimekosea."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mimi nilitoka mbio kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Kile kipande kilinichoma mkononi sasa. Kukitupa niliogopa kingeonekana; kukichoma, moshi ungeniumbua. Bibi alikuwa na blanketi lililokaribia kumalizika, la kutoa sadaka siku ya mavuno. Upande mmoja ulikuwa bado wazi. Nilikikunja kile chekundu mara nne, nikakisukuma ndani kabisa, katikati ya matambara. Kesho yake bibi akashona ule upande huku akinieleza namna ya kukaza pindo, nami nikimshikia. Kimto nilikishona cha kaki. Mwalimu alikipa alama za wastani.

Gauni lilitoka na mikono mifupi, bila kola, na furushi la vipande lilikuwa dogo kiasi cha kuaibisha. Bibi aliomba radhi. Mwalimu alisema, "Waitu, mwenzangu, ni nguo tu," akavaa mikono mifupi kwenye baridi ile. Na Jumapili ya mavuno, baada ya ibada, mnada ulipofika kwenye blanketi, baada ya mikungu ya ndizi na kuku na mayai, ni yeye aliyepandisha bei hadi wengine wakaacha. Alimtazama bibi akamkonyeza. Nikaona mambo yamekwisha, nikaenda kucheza.

Hayakwisha. Baada ya mvua za mwisho mwalimu aliacha kuja kibarazani. Alikuwa anasalimia kutoka barabarani, kwa adabu, bila kusimama. Nguo zake akapeleka kwa fundi mwingine, na waliomwiga mikono wakamwiga na hilo. Bibi hakuuliza. Alisema ni haki yake, nani atampa kitambaa kizuri mtu asiyeona futi. Akaacha kupokea magauni, akabaki na viraka vya kaptula na kupunguza mapindo. Nilipokwenda sekondari cherehani ilikuwa imefunikwa gunia. Nilipomzika ilikuwa bado imefunikwa.

Sasa nirudi Buhembe, nimekuchelewesha.

Nilifika mchana. Mwalimu amekuwa mdogo, fimbo na sweta, lakini jicho la darasani lipo. Alinisalimia Kihaya, "Wabonaki, mwana wange," akaniletea chai na ndizi za kuchoma, akanitazama ninavyohamahama kiti akasema, "Bado ni Senene." Blanketi lilikuwa juu ya kochi. Vipande vya bluu vilikuwa vimepauka, na katikati, kwenye vile vyeupe, kulikuwa na doa pana la waridi lililofifia.

"Nililifua mwaka uleule," alisema. "Likatoa rangi. Nikashangaa rangi inatoka wapi, sioni chekundu juu wala chini. Nikafumua."

Akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Vidoa vyake vyeupe vilikuwa vimegeuka waridi. Kilikuwa kipana kuliko nilivyokumbuka. Kingetosha mikono mirefu na kola.

"Sikumwaibisha," alisema. "Nilimwambia jirani yangu mmoja tu, kwa uchungu. Bibi yako alikuwa mtu mwema, labda alikuwa na shida siku hiyo. Nilimsamehe zamani. Nimekuita nikukabidhi, sitaki nife nacho kabatini."

Nikainuka. Nilifika mlangoni, mkono kwenye komeo, nje pikipiki zinapita, na nikaona kabisa ninavyoweza kuondoka na blanketi kwapani, nilishone vizuri, nilirudishe kwa mkono wa mtu mwingine. Ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote. Nikarudi nikakaa sakafuni, karibu na miguu yake.

"Mwalimu, si bibi. Ni mimi niliyekata. Nilitaka nikushonee kimto cha pini."

Alikipapasa kitambaa, ukingo wa upande ule niliounyoosha.

"Bibi hakujua?"

"Hakujua. Alidhani macho yake yamekwisha. Alidhani ulimwacha kwa sababu hiyo."

"Miaka yote nimemsamehe," alisema taratibu. "Kumbe nilikuwa namsamehe nini?" Kisha akanigeukia. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na miaka kumi."

"Ulikuwa na miaka kumi mwaka ule tu."

Nililia pale sakafuni mpaka chai ikapoa. Yeye hakulia. Alifikia simu yake, akaisogeza mbali na macho kutafuta jina.

"Yule jirani yangu yuko hai," alisema. "Nilimwambia kwa mdomo huu, nitamwambia kwa mdomo huu. Wewe shona. Chekundu kiweke juu, katikati, kila mtu akione."

Nikatoa mkasi. Nikakata mraba mmoja, nikauweka juu ya lile doa, nikaanza kuchoma sindano. Simu ilipokelewa huko Kamachumu, na ikawa wazi kwamba mama wa upande wa pili hasikii vizuri, kwa sababu mwalimu alianza kupaza sauti kama yuko paredi ya shule.

"Nasema hakukichukua! Kitambaa changu! Hakukichukua! Yule fundi!"

Kelele zilitoka hadi uani, mkwe wake akachungulia kutoka jikoni. Nilitamani Buhembe yote isikie. Halafu mwalimu akanyamaza kusikiliza, na kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa, nami nilisikia.

"Fundi gani?"

Mwalimu alinitazama. Mimi niliangalia sindano. Kile kibaraza kilishabomolewa, pana duka la vocha pale, na hao wawili waliokuwa wakicheka jioni, mmoja yuko ardhini nyuma ya migomba. Nilikuwa nimebeba aibu ya bibi ya kukimbiwa na wateja kila nilipohamia, nikiamini Kamachumu nzima bado inaikumbuka. Kumbe walisahau aibu, wakamsahau na mwenyewe.

"Wa kibarazani," mwalimu alianza upya, polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma. "Barabara ya sokoni. Alikuwa na pasi ya mkaa. Alikuwa anakurudishia vipande vyako vyote, amevifunga kwa ukanda. Hukumbuki? Kaa vizuri, nikueleze."

Nami nikakaa vizuri, nikaendelea kushona.