Majoho Arobaini ya Mzee Haki

Kanisani walimpachika jina la Mzee Haki, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi cherehani, mzee wa kanisa, na mwenyekiti wa kamati ya haki, na vyeo vyote vitatu alitembea navyo kifua mbele. Siku hizi akisimulia habari hizi huanza kwa kujicheka mwenyewe. Anasema asipojicheka yeye watamcheka wengine, na hao hawajui pale panapochekesha zaidi.

Mchungaji alitangaza Jumapili ya Wafanyakazi, siku ya kuwakumbusha waajiri kwamba upendo wa Kristo hauishii mlangoni mwa kanisa. Hajamaliza, Mzee Haki keshasimama. Kwaya itavaa majoho mapya, akasema, arobaini, yenye maneno kifuani: "Mfanyakazi naye apumzike." Yatakuwa tayari baada ya wiki mbili. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza nani atayashona, na yeye mwenyewe hakujiuliza.

Waliyashona wanawake watatu aliowaajiri. Ijumaa ya mwisho, mmoja wao, waliyemwita Dada Pindo kwa jinsi pindo zake zilivyonyooka, alisimama mbele ya meza ya kukatia.

"Fundi, naomba ruhusa kesho. Daktari wa macho anakuja zahanati mara moja tu kwa mwezi, nataka nimpeleke mama. Jicho moja limeshakufa, na la pili linaelekea huko huko."

"Kesho? Na majoho je?"

"Yamebaki tisa."

"Dada yangu, hii ni kazi ya Bwana. Jikaze kidogo tu. Mama tutamwombea."

Akamwombea kweli, pale pale, kwa sauti, futi ikining'inia shingoni. Sala yenyewe ilikuwa ndefu hata joho zima lingeweza kupigwa pindo kabla haijaisha. Dada Pindo akaitikia amina, akarudi kwenye cherehani yake. Jumamosi alishinda hapo, na joho la mwisho kulimaliza lilikuwa la mwenyekiti, Mzee Haki mwenyewe.

Jumapili, baada ya mahubiri, Mzee Haki akajitupia joho lake haraka, akapanda mbele kuongoza kiapo. Waajiri wote wainue mkono wa kulia. Wakainua. Yeye akainua wake, na mkono haukutoka. Akausukuma, wapi! Mdomo wa mkono wa joho ulikuwa umeshonwa ukafungwa, huku mpaka kule. Akahangaika humo ndani kama paka aliyetiwa kwenye gunia, na kwaya nzima ikainamisha vichwa kuficha vicheko.

Hasira zilimpanda. Alitaka kujua nani kamfanyia mchezo huo mbele ya watu. Kisha akautazama ule mshono. Ulikuwa umenyooka kabisa, kazi ya mtu asiye na kinyongo, mtu aliyekuwa akishona huku amelala. Akainua macho kumtafuta, akamwona Dada Pindo benchi la nne, kaegemea ukuta, mdomo wazi, usingizi umemchukua.

Aibu ilimshika mpaka masikioni. Akawaambia washirika yote: ruhusa aliyoikataa, zahanati, na ile sala ndefu. "Nimewavalisha maneno haya kifuani," akasema, "na mimi ndiye niliyepaswa kusomewa." Akaapa, mkono ungali gerezani, kwamba kila anayemfanyia kazi atapata siku yake ya shughuli zake. Waajiri wengine wakaapa nyuma yake.

Mwezi uliofuata, siku ya daktari, akaamua kulipa deni la moyo kwa mikono yake mwenyewe. Alikwenda kumchukua mama yake Dada Pindo nyumbani, akamshika kiwiko njia nzima, akamtafutia nafasi kwenye benchi la zahanati, akamletea maji. Alijisikia vizuri mno. Tayari alikuwa akipanga namna ya kulieleza jambo hilo kwenye kikao cha kamati, kwa unyenyekevu, bila kuacha hata hatua moja ya safari.

"Wewe ndiye yule fundi," mama akasema. "Naijua sauti yako. Uso siuoni tena. Mwezi jana nilikuwa nauona uso wa mtu, sasa naona mwanga tu."

"Ndiye mimi, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe, baba. Na mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kazini."

Alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake alitamani benchi limmeze. Siku aliyoiahidi mbele ya kanisa zima, siku ya yule binti, alikuwa ameichukua yeye akaifanya sadaka yake.

"Umenisaidia, asante," mama akasema taratibu. "Lakini daktari akiniambia jicho hili nalo ndiyo basi, nitamshika nani nilie? Wewe?"

Akatoka nje, akapiga simu.

"Dada, acha hiyo nguo. Njoo zahanati, mama anakungoja."

"Na yule mteja wa saa nane?"

"Nitamshonea mimi."

Akamshikia mama foleni mpaka binti alipofika akihema. Ndipo akainuka, akampisha akae mahali pake, akaenda kushona.