Kiini Kilichokatwa Ulimi

Maishani mwangu nimewahi kuitwa mtaalamu kwa siku nne mfululizo, na tatu kati ya hizo zilikuwa za aibu. Ilikuwa Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ndogo ya mradi wa wakulima wa mpunga. Nilikuwa na shahada mpya, shati la mikono mirefu katika joto lisilotaka hata fulana, na imani kwamba hakuna mashine ya kunishinda.

Ofisini tulikuwa watatu. Mimi nilipima mashamba. Karani alikuwa mama wa kijiji cha Wema, aliyejifunza kupiga taipu Mombasa na kurudi nyumbani na vidole vyepesi kuliko vyote nilivyopata kuviona. Wa tatu alikuwa mlinzi, Mworma wa makamo, wa jamii ya wafugaji, aliyelinda lango, akatunza jenereta, na kuwa na ng'ombe wengi kiasi kwamba hatukuelewa kwa nini alihitaji kazi. Mwenyewe alisema anapenda kukaa kitako.

Mafuriko yalikuwa yamefuta mipaka ya mashamba ya kando ya mto, na taipureta ya ofisi nayo ikaharibika kwa maji. Mkubwa wetu wa Hola akatuletea kompyuta ya mtumba, tupu, haina programu hata moja, pamoja na sharti. Alhamisi angekuja kuiona. Akiikuta inafanya kazi, karani angebaki kuorodhesha mashamba upya. Akiikuta imelala, angeirudisha Hola, na mkataba wa karani ungeishia hapo.

"Mwanangu," karani aliniambia Jumatatu asubuhi, "nina watoto watatu shuleni. Hiyo kitu itawaka?"

"Itawaka kabla hujamaliza chai yako," nikamjibu.

Alikunywa chai ile, na nyingine nyingi baada yake.

Ugonjwa wenyewe niueleze. Kompyuta inapowashwa, kitu cha kwanza kuamka ni kiini cha mfumo endeshi. Kiini ndicho kinachoizunguka nyumba nzima kikiuliza: kumbukumbu ipo? Saa ipo? Kibodi ipo? Diski ipo? Wote wakiitika, kazi inaanza. Mimi nilichagua mfumo wa bure, ule ambao mtu anaruhusiwa kusoma programu zake na kuzibadili. Kwa kuwa mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, ilinibidi nikitengeneze kiini mwenyewe kwenye kompyuta yangu ya mkononi na kukipunguza unene. Nilikipunguza kwa furaha ya mchinjaji wa sikukuu. Kila nisichokielewa nilikihesabu mafuta, nikakata. Kisha nikakitia kwenye disketi, nikaiingiza katika mashine ya ofisi.

Kabla kiini hakijaamka, disketi ikaandika kwenye kioo kwamba sasa kinaanza. Baada ya hapo, kimya. Hakuna neno, hakuna mlio, kijistari tu kimeganda kama mjusi ukutani.

Jumatatu nilibadilisha disketi. Jumanne nilichomoa vipande vya kumbukumbu, nikavifuta kwa shati langu, nikavirudisha, nikavichomoa tena. Nililaumu joto, nikalaumu vumbi, nikailaumu jenereta mbele ya mlinzi, jambo ambalo halikumpendeza.

"Jenereta yangu haina neno," alisema. "Hiyo taa inawaka, feni inazunguka. Mgonjwa ni wako."

Alikuwa na kinyongo kingine juu yangu, nacho kilihusu salamu. Kila asubuhi nilipita langoni nikisema, "Salama, salama, tuwashie jenereta," nikaingia ndani kabla hajafumbua kinywa. "Wewe unasalimia kama mtu anafukuzwa na kiboko," aliniambia mara moja. Nilicheka. Niliona salamu ndefu ni starehe ya watu wasio na kazi.

Jumatano asubuhi nilikuwa nimeketi barazani, sina tena cha kuchomoa. Karani alikuwa ndani akipanga vitu vyake katika kikapu, taratibu, na kila kitu kilichoingia kikapuni nilikisikia. Ndipo akaja mfanyabiashara Msomali wa mji wa Madogo, rafiki wa mlinzi, anayenunua mbuzi. Wakashikana mikono, wakaanza, kila mmoja na Kiswahili chake.

"Watu salama?"

"Salama."

"Watoto salama?"

"Salama."

"Mama yako, mguu yake?"

"Salama, natembea."

"Mvua?"

"Iko. Alhamdulillahi."

"Nyasi?"

"Iko."

"Mbuzi?"

"Salama."

"Lori?"

Mgeni akatazama viatu vyake. "Lori... Mungu iko."

Mlinzi akauachia mkono wake. "Haya. Sema ya lori."

Lori lilikuwa limezama katika tope upande wa Hola, na mbuzi wote ndani. Mgeni alikuja kutafuta majembe na watu wa kusukuma.

"Mbona hakusema mara moja?" nilimuuliza mlinzi walipokwisha kupanga msaada.

"Mtu hatupi ubaya mlangoni," akanijibu. "Unauliza moja moja, kwa mpango. Akisimama, ubaya iko hapo. Wewe ungesema 'salama, salama', ungeenda zako, na lori bado iko kwa tope."

Ningependa kuandika kwamba nilitabasamu kwa hekima. Kweli ni kwamba nilisimama haraka hadi nikakigonga kichwa kwenye dirisha lililokuwa wazi, na karani akatoka kuangalia nani ameanguka. Siku tatu nilikuwa ninaitikisa mashine na kuilaumu, na sikuwa nimeiuliza kitu kimoja kwa mpango.

Nikafungua programu ya kiini kwenye kompyuta yangu. Katikati ya kila hatua na inayofuata nikapachika amri fupi ya kuandika herufi moja kwenye pembe ya kioo, moja kwa moja, bila kupitia sehemu nyingine ya kiini. Kumbukumbu ikiitika, A. Saa ikiitika, herufi nyingine. Hivyo hivyo hadi mwisho. Ilichukua muda kukijenga kiini upya, na karani akavuta kiti akaketi kando yangu. Tukaiwasha.

Herufi zikajipanga: A, B, C, bila haraka. Karani akawa anaitikia kwa sauti. "Salama. Salama. Salama." Ilipofika R, mashine ikasimama.

"Lori," akasema karani.

Hatua iliyofuata R ilikuwa ile ambapo kiini kinauliza kama mashine ina kifaa cha kukokotoa hesabu za desimali. Hii yetu ilikuwa ya bei nafuu, haikuwa nacho. Kiini kina sehemu ya kuigiza kifaa hicho, polepole lakini vizuri, na mimi nilikuwa nimeikata nikidhani ni mafuta. Nikasoma zaidi, uso ukanichoma. Kiini kinapokosa vyote viwili kimeamriwa kueleza shida yake kwa maneno kamili, kisha kisimame. Nacho kilikuwa kimeeleza kila mara. Ila nilikuwa nimekata pia sehemu inayopeleka maneno yake kwenye kioo.

"Ngoja nielewe," alisema karani. "Siku tatu ilikuwa inasema inaumwa nini?"

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyeikata ulimi?"

"Ndiyo."

"Hicho chuo kikuu," karani akamwambia mlinzi aliyesimama mlangoni, "mimi wangu sipeleki."

Mafuta ya jenereta yalikwisha kabla sijamaliza kukijenga kiini kingine, kwa hiyo kazi ikaingia Alhamisi yenyewe. Asubuhi hiyo nilimsalimia mlinzi mpaka kwa ndama wa mwisho, naye akaitikia kila kitu kwa makusudi, polepole, huku akijua nina haraka. Bahati ni kwamba mkubwa alichelewa. Barabara ilikuwa imezibwa na lori la mbuzi.

Alipofika, viatu mkononi, suruali imejaa tope hadi magotini, mashine ilikuwa inaunguruma na karani anachapa orodha ya mashamba ya Wema, vidole haviangaliwi. Mkubwa alisimama nyuma yake kidogo.

"Kwa hiyo inafanya kazi?"

"Inafanya, mzee," alisema karani bila kugeuka. "Ilikuwa na neno, ikaulizwa."

Mkubwa akaomba maji ya kunawa miguu, akaenda. Karani alibaki, na kikapu akakirudisha nyumbani kitupu.

Nilitaka kuziondoa zile herufi, kwa kuwa hazikuwa na kazi tena. Karani alikataa. Kwa muda wote niliokaa Garsen, kila asubuhi alibonyeza kitufe akasimama na mkoba begani, akiziangalia zikijipanga pembeni mwa kioo. R ikipita na nyingine ikafuata, alisema, "Salama," ndipo akaweka mkoba chini.