Kompyuta za Wageni

Pale kijijini Ibaba kila nyumba ina vikombe ambavyo mwenye nyumba havinywei chai. Vinakaa kabatini, vinafutwa vumbi, vinamngoja mgeni. Kwa hiyo kompyuta zilipoletwa shuleni, hakuna aliyeshangaa mkuu wa shule, Mwalimu Nsajigwa, alipozifunika kwa vitambaa vya kufuma na kukifunga chumba kwa kufuli. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kwamba watoto wenye mikono ya jembe wangeziharibu, na lawama zote zingemwangukia yeye.

Wageni wakija kuzikagua, chumba kilifunguliwa na Gwantwa akaitwa. Alikuwa kidato cha tatu, msafi, asiyetetemeka mbele za watu. Alikuta mashine imeshawashwa, akaketi, akaandika sentensi aliyokaririshwa ya kuwakaribisha, kisha akabonyeza picha ya moyo nao ukaanza kudunda. Wageni walipiga makofi, wakapiga na picha, wakasema watoto hawa sasa wako tayari kwa kazi za dunia ya leo. Gari lao likishakata kona, vitambaa vilirudishwa, na Gwantwa akarudi darasani kunakili ubaoni sehemu za kompyuta.

Mambo yakaenda hivyo mpaka anamaliza shule. Kanisani walimwita Gwantwa wa kompyuta, na baba yake, Mzee Lusubilo, akawa hakutani na mtu njiani bila kuligusia jina hilo. Kinachouma ni kwamba hata Gwantwa mwenyewe aliamini.

Alipomaliza kidato cha nne aliteremka mjini Mpemba, karibu na mpaka, kwa shangazi yake, Yunisi, ambaye alimtafutia nafasi ya majaribio kwa wakala wa forodha, wale wanaoshughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia. Mwenye ofisi, Deus, alimpokea vizuri, akamwonyesha kiti na kompyuta.

"Iwashe, tuanze," alisema.

Gwantwa aliweka vidole kwenye kibodi, akangoja. Kioo kilikuwa cheusi. Hakuwa amewahi kukaa mbele ya kioo cheusi. Alibonyeza herufi moja, akabonyeza nyingine, akatikisa kipanya. Shuleni alizikuta zimewashwa siku zote, na hakuna aliyewahi kumwonyesha zinawashiwa wapi. Rozi, karani wa pale, alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha kuwashia, akamtazama kwa huruma. Huruma ile ilimchoma kuliko kicheko. Kioo kilipowaka, Gwantwa aliutafuta ule moyo. Haukuwepo.

Deus alimuuliza kompyuta alisomea wapi. Akaitaja shule yake. Deus aliguna, akamwambia kwa upole aende nyumbani, watampigia simu.

Hawakupiga. Siku hizi anaosha sahani kwa mama lishe, kando ya maegesho ya malori. Nyumbani alisema amepata kazi ofisini. Angesemaje, na baba alikwisha kumtangaza kanisa zima?

Majuzi mama yake alipiga simu, sauti imejaa furaha. Tumpe, mdogo wake Gwantwa, ndiye aliyechaguliwa kukaa kwenye kompyuta safari hii, na Mwalimu Nsajigwa atawasimulia wageni jinsi dada yake alivyofika mbali. Kisha akampa Tumpe simu. Gwantwa alijifuta povu mikononi. Alimkasirikia mwalimu, akajikasirikia na yeye mwenyewe.

"Wageni wakiondoka, usinyanyuke," alimwambia. "Mwambie mwalimu akufundishe kuiwasha, akuache uitumie. Akikataa, na wewe kataa kukaa."

"Mbona wewe ulikaa tu, na kazi ukapata?"

"Sikupata, mdogo wangu. Naosha vyombo huku. Hata kuiwasha nilishindwa."

Nyuma ya Tumpe mama alisikika akiimba. Kisha mtoto akashusha sauti.

"Basi dada, usimwambie mtu. Wageni wanakuja kesho, na sare mpya nimeshashonewa."