Niliwaita Wataalamu wa Bima Wapiga Ramli

Chiu! Chiu! Chiu! Mpaka leo nakisikia kile kifaranga kikilia ndani ya koti la mzee Luhende, katikati ya mkutano wa kijiji. Jamani, kosa ni langu. Nimeharibu kwa mdomo wangu huu huu!

Mimi ni binti wa Ngulyati, hapa Bariadi. Kidato cha nne nilimaliza kwa kudra za Mungu, lakini kuota ndoto sijambo! Msimu wa pamba uliopita walikuja watakwimu bima, wale wanaokadiria hasara kabla haijafika, wakiwa na walimu wa chuo kikuu. Walikuwa wamepatana: wanafunzi waache kuishia ubaoni, waje wajifunzie hesabu zao kwenye mashamba yetu, na sisi tupate bima ya pamba. Mimi nikaahidiwa kuwa mwenyeji wao kila msimu, nijifunze nao. Nilishajiona nimevaa joho!

Kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria wazee kwa Kisukuma. Kiongozi wao akasema, "Sisi tunatazama yaliyopita, tunakadiria yajayo."

Neno likanipotea. Tena niseme ukweli, la kuchekesha ndilo lilitangulia! Nikawaambia, "Hawa ni bafumu. Wapiga ramli wa chuo kikuu!"

Watu wakaangua kicheko. Sifa zikanipanda kichwani, nikaongeza, "Wanajua hata nani atakufa lini!"

Kicheko kikakatika.

Mzee Luhende akainuka, akachomoa kifaranga. Kwetu mfumu hupasua kuku akasoma ndani yake. "Haya, mpasueni huyu, mtuambie nani kaua ng'ombe zangu."

Mwalimu wa chuo akaninong'oneza, "Dada, ndiyo tunakaribishwa chakula?"

Nikacheka tena, mjinga mimi!

Nyuma ya watu nikamwona Mayu Kabula akiondoka. Jirani yetu, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Ndiye aliyetulisha mama alipolazwa. Huku kwetu, mfumu akimnyooshea kidole bibi mwenye macho mekundu, mnajua kinachofuata: huitwa mchawi, mapanga yakamfuata. Siku ile ile akakimbilia kwa dada yake huko Mwanhuzi, pamba yake imepasuka shambani, haijachumwa.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba: "Nilikuwa natania!"

"Nani anatania na bafumu?" wakanijibu, milango ikafungwa.

Wataalamu na chuo chao wakahamia Nkololo. Joho langu likaenda nao.

Nikampigia Mayu simu, nalia. "Rudi, mayu, rudi mama. Wale ni watu wa hesabu tu."

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "waulize hao bafumu wako kama nitarudi."

Akakata.

Ndugu zangu, ukiazimwa mdomo wa kutafsiri, usiuchezee! Neno hulijui, sema hulijui. Aibu yake ni ya dakika tu. Kicheko nilichokitafuta mimi kimemfukuza mtu kwake.

Kesho yake alfajiri nilibeba gunia, nikaingia shambani kwa Mayu peke yangu, nikaanza kumchumia pamba.